Naomba ushauri: mdogo wangu aende Mlimani kusoma baiolojia, au asubiri udaktari mwakani?

Ndugu wanajamii, wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu wa kike amehitimu kidato cha sita, mchepuo wa PCB, akiwa na B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Katika awamu ya kwanza ya maombi ya vyuo aliomba udaktari Muhimbili, KCMC na Bugando, lakini hakuchaguliwa kokote, na kwa D ile, kwa kweli, sikushangaa sana. Sasa anataka kutumia awamu ya pili kuomba shahada ya miaka mitatu ya mikrobaiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), kisha aingie udaktari, ambao ni miaka mitano mingine kabla ya mwaka wa mafunzo kazini. Baba anaona heri asubiri aombe upya mwakani.

Nimesoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nikaelewa sifa za wahitimu wa kidato cha sita na za wenye stashahada ya utabibu, ila kwa mwenye shahada ya sayansi sikupata jibu la wazi.

Naomba kuuliza: je, yupo aliyeingia udaktari hapa nchini kwa kupitia shahada ya baiolojia, na alipokelewa kwa vigezo gani? Pili, akishanufaika na mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) kwa shahada ya kwanza, ada ya udaktari tutajilipia wenyewe?

Natanguliza shukrani.