Seri zilizotuangusha: Prison Break, La Casa de Papel au Game of Thrones, mdogo wangu aanze na ipi?

Mwana Nguba (Bukavu)
Bandugu, jambo. Naomba ushauri wa watu walioangalia kweli, si wa waliosimuliwa na jirani. Mdogo wangu amemaliza Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anangojea matokeo na hanipi raha: anataka seri moja ndefu. Flashi yangu ni ya giga 64, na umeme kwetu unarudi wakati watu wamelala, kwa hiyo saa za kupoteza hatuna.

Nimebakiza hizo tatu. Kila ninayemuuliza ananiambia zote zinaharibika mbele. Sawa, nimekubali zinaharibika. Ninachotaka kujua ni ipi inaharibika vibaya zaidi, na kama kuna mahali mtu anaweza kukata akabaki ameridhika. Mwisho mnaweza kuusema, mimi sijali. Yeye haingii huku.

Fundi wa Flashi (Bukavu)
Umefika mahali pake. Kazi yangu ni hiyo, niko na kompyuta karibu na soko la Kadutu, naweka watu filamu na seri. Sitakuambia ninavyoona mimi, nitakuambia wateja wanavyorudi.

Prison Break: msimu wa kwanza mtu anauchukua Jumamosi. Jumatatu asubuhi namkuta amesimama mlangoni hata sijafungua, macho mekundu, anadai wa pili. Na ni seri ya 2005 hiyo, wengine wanaoichukua walikuwa hawajazaliwa! Wa pili vilevile. Wa tatu anauchukua kwa sababu amekwisha kuwazoea wale watu. Akifika wa nne ananiuliza, "Huna kitu kingine?" Ule wa kurudi, wa 2017, vipindi 9, umelala kwenye diski yangu unakula nafasi bure.

Sababu haijifichi. Michael Scofield anavamia benki kusudi afungwe, ramani ya gereza la Fox River amejichora mwilini, na kaka yake Lincoln amepangiwa tarehe ya kukalia kiti cha umeme. Una ukuta, una tarehe, una watu wanane wasioaminiana wanaolazimika kutoka pamoja. Wakitoka, ile shida iliyokukalisha chini imekwisha. Msimu wa pili unasimama bado, kwa sababu wanawindwa na yule Mahone, na Mahone ana akili ya kumfikia Michael. Halafu wa tatu unafungua macho: Michael gerezani tena, sasa Panama, Sona. Gereza tena jamani! Wa nne wanatumwa na mtu wa serikali kutafuta kitu kinaitwa Scylla, na mpaka leo sijapata mteja wa kunieleza Scylla ni nini bila kuanza kucheka.

Yaya Neema (Goma)
Fundi, umesahau kichwa cha Sara.

Fundi wa Flashi (Bukavu)
Yaya, nilikuwa najizuia. Msimu wa tatu Lincoln anafungua sanduku, ndani kuna kichwa cha mwanamke, tunaambiwa ni cha Sara, mpenzi wa Michael. Watu walilia. Msimu wa nne Sara huyo, anatembea, kichwa kilikuwa cha mwingine. Kuanzia hapo nani aogope tena mtu akifa? Na Michael mwenyewe wakamuua 2009, wakamfufua 2017 wakamtoa gerezani Yemen.

Papa Kampemba (Lubumbashi)
Tuwe na haki kidogo. Msimu wa tatu una vipindi 13 tu, wakati miwili ya kwanza ina 22 kila mmoja, kwa sababu waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Seri nyingi za mwaka ule zilitoka vilema. Na aliyeigiza Sara alikuwa ameondoka, waandishi wakafanya walichoweza.

Ila wa nne haukuwa na mgomo wowote, huo sina wa kuutetea. Nilioupenda mimi ni ule wakati tulipokuwa tukiifuata seri kwa Kifaransa, na ile rapu ambayo M6, televisheni ya Ufaransa, waliiweka mwanzoni. Watoto mtaani waliiimba bila kujua hata Fox River ni nini.

Yaya Neema (Goma)
Sasa mnipishe, maana mimi nina uchungu na Game of Thrones na nimeubeba tangu Mei 2019.

Misimu minane, vipindi 73. Ile sita ya kwanza ina vipindi kumi kumi. Wa saba una 7, wa nane una 6. Hesabu hiyo peke yake inakueleza ugonjwa. Msimu wa kwanza, mtu akitoka Winterfell kwenda King's Landing, safari inakula kipindi kizima, na njiani ndiko mambo yanakotokea: watoto wanapigana kando ya mto, mbwa-mwitu wa Sansa anauawa, chuki inazaliwa. Msimu wa saba watu wanakata bara zima katikati ya mazungumzo mawili. Mtu yuko kaskazini kwenye barafu, kunguru anaruka kwenda kuomba msaada kule kusini kabisa, joka linafika kwa wakati. Sikatai majoka, nakataa ratiba yao.

Halafu Daenerys, malkia mwenye majoka. Kumfanya awe katili si kosa, mbegu zilikuwepo tangu mwanzo, alikuwa anachoma watu na sisi tukimpigia makofi. Kosa ni kwamba kengele za kusalimu amri zinalia, mji umejisalimisha, yuko juu ya joka, wanatuonyesha uso wake sekunde chache, basi, anateketeza kila mtu. Badiliko linalodai msimu mzima wameliweka kwenye kukunja uso. Na Mfalme wa Usiku, ambaye watu wake wa barafu wametutisha tangu dakika za kwanza kabisa za kipindi cha kwanza, amemalizwa kwa kisu usiku mmoja, kipindi cha tatu cha msimu wa nane. Baada ya hapo wanarudi kugombea kiti kana kwamba hakuna kilichotokea.

Bwana Giza (Bukavu)
Kipindi kile cha usiku nani alikiona lakini? Mimi nilikitazama kwenye toleo la kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mtafsiri mwenyewe haoni kitu, giza tupu, akaanza kusalimia jamaa zake wa Uvira mpaka moto ulipowaka.

Yaya Neema (Goma)
😂😂 Huyo ndiye aliyeandika vizuri kuliko wenyewe.

Kijana wa Himbi (Goma)
Yaya Neema, kwa heshima, mimi nakataa. Kosa si la waandishi wa televisheni, ni la vitabu. George R. R. Martin alitoa kitabu cha tano 2011, mwaka uleule seri ilipoanza. Cha sita mpaka leo hakijatoka. Benioff na Weiss, waandishi wa seri, walifika mahali barabara imeisha wakaambiwa waendelee na gari. Na pamoja na matusi yote, 2019 ilichukua Emmy ya tamthilia bora. Zile sahihi zaidi ya milioni moja za kudai msimu wa nane urudiwe ni hasira tu, hakuna kazi ya sanaa inayorudiwa kwa kupiga kura.

Yaya Neema (Goma)
Mdogo wangu, Emmy waachie. Kuhusu vitabu nakubali nusu. Mazungumzo yalianza kupoa vitabu vilipokwisha, hilo unaliona: Tyrion aliyekuwa na maneno makali akageuka mtu wa kusema mizaha ya walevi. Lakini kukosa kitabu hakumlazimishi mtu kukimbia. HBO walikuwa tayari kulipia zaidi, vipindi zaidi, misimu zaidi. Wenyewe ndio waliotaka kumaliza. Kipindi cha nne wakaacha kikombe cha kahawa mezani mbele ya Daenerys na hakuna aliyekiona mpaka dunia nzima ilipokiona. Huo ni uchovu, ndugu. Watu wamechoka kazi, wanataka kwenda nyumbani.

Mama Furaha (Lubumbashi)
Wanangu, nasoma hapa nacheka. Ninyi mnalia kwa misimu minane? Njooni kwenye za Kihindi. Kumkum Bhagya ilianza 2014 na Abhi na Pragya: mwimbaji tajiri na mwalimu mwenye miwani. Wanaachana, wanarudiana, mmoja anapoteza kumbukumbu, wanaachana. Ikapita miaka kwa mruko mmoja, wana mabinti mapacha, kila mmoja amelelewa mahali pake hamjui mwenzake. Baadaye nyota wenyewe wakaondoka, na hadithi ikabaki kwa Prachi, binti yao, naye akaanza kuteswa kwa njia zilezile alizoteswa mama yake. Vipindi zaidi ya 2000! Mimi nilipoanza nilikuwa nasuka nywele za binti yangu nikiangalia, sasa yeye ananisuka mimi.

Marimar ya Meksiko, ya 1994, ilianza na kuisha mwaka uleule. Yule binti wa pwani analazimishwa kuokota bangili kwenye tope kwa meno, mbele ya watu. Unamwona, unasema, huyu mama aliyemfanyia hivi atalipa. Na alilipa, tukamwona akilipa, ikaisha, tukaenda kupika. Hiyo ndiyo seri.

Mwana Nguba (Bukavu)
Mama Furaha, asante sana mama, lakini mdogo wangu akiona vipindi 2000 atakaa na flashi mpaka amalize chuo 🙏🏾

Kijana wa Himbi (Goma)
Mama, na bado unaiangalia?

Mama Furaha (Lubumbashi)
Saa ile nifanye nini kingine mwanangu.

Bwana Giza (Bukavu)
Mtu asisahau The Walking Dead. Misimu 11, vipindi 177, 2010 mpaka 2022. Mimi nilitoka 2016 Negan alipomponda Glenn kwa rungu. Si kwa huzuni. Msimu wa kabla yake walikuwa wametudanganya kwamba Glenn amekufa chini ya pipa la taka, tukalia, akatoka mzima. Ukinichezea machozi mara ya kwanza, ya pili hunipati. Wenzangu waliobaki walishuhudia Rick mwenyewe anaondoka 2018 na seri inaendelea bila yeye.

Fundi wa Flashi (Bukavu)
Hiyo siku hizi siulizwi kabisa.

Papa Kampemba (Lubumbashi)
Turudi kwa swali la kijana, maana hakuna aliyegusa La Casa de Papel, na ndiyo inayomjibu vizuri.

Ile iliandikwa iwe na mwisho. Ilipita kwenye Antena 3 kule Uhispania mwaka 2017, vipindi 15 virefu, wizi mmoja katika kiwanda cha fedha, mwanzo mpaka mwisho. Mwanzoni ilikuwa na watazamaji wengi, kisha wakapungua, ikaisha kama seri ya kawaida. Netflix wakainunua, wakaikatakata upya kuwa vipindi 22 vifupi, ikalipuka dunia nzima. Ndipo fedha zikasema: rudini. Tatizo ni kwamba walikuwa wamekwisha kushinda! Wana mamilioni yao, wametawanyika kwenye visiwa, na Berlin, mmoja wa wezi, amekufa. Sasa waandishi wafanye nini? Rio, mwenzao, anapiga simu anakamatwa, basi, genge zima linarudi kuiba dhahabu ya Benki ya Uhispania ili kumwokoa. Vinyago vilevile, nguo nyekundu zilezile, Profesa, kiongozi wao, na mpango wake uleule wa kusema "nililitegemea hilo". Berlin hawakuweza kumwachia kaburi lake, wakamrudisha kwa kumbukumbu za zamani kipindi baada ya kipindi. Ikaenda hivyo mpaka 2021.

Lakini angalia tofauti na ya Yaya Neema. Hii imerefushwa baada ya kwisha, ile imefupishwa kabla ya kwisha. Iliyorefushwa unaweza kuikata mwenyewe: sehemu ya kwanza na ya pili, zima kompyuta, umepata hadithi kamili na hakuna deni. Prison Break pia, mwisho wa msimu wa kwanza wameruka ukuta, ukiwa mlafi ongeza wa pili. Game of Thrones huna pa kuikata. Popote utakaposimama kuna majeshi yako njiani na watoto hawajakutana na ndugu zao. Lazima uende mpaka kule kwenye msimu wa nane, na kule ndiko kuna shimo.

Yaya Neema (Goma)
Papa umesema. Inaniuma lakini umesema. Ila nyongeza moja: misimu minne ya kwanza ya Game of Thrones, hata bila mwisho, inapita hizo nyingine mbili zikiunganishwa. Kuna watu tunaweza kuishi bila mwisho.

Kijana wa Himbi (Goma)
Na Dexter? 2013 wanamfanya mkata miti msituni, watu wanakasirika. Wanairudisha 2021 warekebishe, mwanae anampiga risasi. 2025 amerudi, mzima. Hiyo umeikata wapi Papa?

Papa Kampemba (Lubumbashi)
Msimu wa nne, baada ya bafu. Aliyeona anajua.

Bwana Giza (Bukavu)
Baada ya bafu 💔

Mwana Nguba (Bukavu)
Basi imeeleweka. La Casa de Papel sehemu mbili za kwanza, kisha Prison Break msimu wa kwanza na wa pili. Hizo nyingine nitamwambia hazikupatikana. Game of Thrones nitaiangalia mimi mwenyewe matokeo yakitoka, nikiwa na moyo.

Fundi, kesho unafungua saa ngapi?

Fundi wa Flashi (Bukavu)
Saa mbili, mvua ikiniruhusu. Nne zote nakuwekea kwa Kifaransa, za kutafsiriwa zina giga kidogo lakini sauti mbaya. Na tafadhali flashi uisafishe kabla ya kuja, ile uliyoniletea mara ya mwisho ilikuwa na virusi mpaka nikalala na kompyuta kitandani.

Yaya Neema (Goma)
Fundi, mdogo wake akikufuata mwenyewe kudai msimu wa tatu utafanyaje?

Fundi wa Flashi (Bukavu)
Yaya, mimi nafanya biashara. Nitampa.