Waliowahi kushuka mto wa maji ya kasi na familia na kulala kambini: tupeane uzoefu

Mama Pacha
Habari za jioni wapendwa. Wanangu walikuwa wanapekua simu ya zamani wakakutana na video ya Nile, wakaanza kupiga kelele sebuleni, "Kafi mbele! Kafi mbele!" Moyo ukanienda mbio kana kwamba bado niko majini. Nikasema hili nililete humu. Walioshuka mto kwa boti za mpira na watoto wao, wakalala kwenye mahema, wakaamka wakaendelea, njooni tusimuliane. Sitaki zile za kutoka asubuhi na saa tisa mko hotelini mnakula chipsi. Nataka za kulala porini.

Naanza mimi. Tulikwenda Jinja, Uganda, tukaingilia chini ya bwawa la Bujagali. Baba yao alikaa kwenye boti la makafi na wakubwa wenzake. Mimi na pacha tukawekwa kwenye boti kubwa la usalama, ambalo mwongozaji anakaa katikati anapiga makasia mwenyewe na nyie kazi yenu ni kushika kamba. Nilichokipenda kwa yule kijana ni namna alivyowakagua watoto. Alibana mikanda ya jaketi, akapitisha vidole viwili chini ya kila mkanda, kisha akamshika mtoto mabegani kwenye jaketi lenyewe akamnyanyua juu. Jaketi likipanda mpaka masikioni, anafungua na kuanza upya. Binti yangu alirudiwa mpaka akanuna. Maji makubwa ya Itanda hatukuyapita, tulishuka tukatembea pembeni na boti zikabebwa mabegani. Haya, karibuni.

Chausiku wa Bukoba
Nakazia hiyo ya kumnyanyua mtoto kwa jaketi. Sisi tulipewa majaketi ya watu wazima wakatuambia "yanatosha". Mwanangu alipoanguka, jaketi lilibaki juu, yeye akaenda chini. Nilimdaka mkono. Sitaki hata kuikumbuka.

Fundi Redio
Mleta mada, Jinja ya sasa siyo Jinja. Bujagali ilipoanza kufanya kazi 2012 ilizamisha maporomoko yenyewe, halafu 2019 bwawa la Isimba likameza mengine huko chini. Mnalipa pesa kuteleza kwenye ziwa.

Msoga Halisi
Fundi Redio, lini umefika? Itanda na Kalagala bado yapo na bado yananguruma. Ni kweli tumepoteza mengi, na kwetu Bujagali haikuwa mahali pa kuteleza tu, ni makazi ya Budhagaali, roho ya mto kwetu Wasoga, wazee walipinga lile bwawa miaka na miaka. Kwa hiyo najua uchungu wake kuliko wewe. Lakini usiseme mto umekufa wakati vijana wetu wanakula kutokana na mto huo huo.

Fundi Redio
Nimesema umepungua.

Msoga Halisi
Umesema ni ziwa. Panda juu usome.

Mzee wa Reli
Vijana, punguzeni moto. Mimi nilikwenda Zambezi na wanangu wakiwa tayari wakubwa, kwa sababu kule hawachukui watoto wadogo, na wako sahihi. Tulitoka Dar kwa treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, tukaendelea Livingstone. Unaanzia chini ya Victoria Falls, ndani ya bonde la Batoka, kuta za mawe pande zote mbili, na maporomoko yanaitwa kwa namba. Namba 9 abiria hapiti. Mnashuka, mnatembea juu ya mawe meusi yanayochoma soli, mnakutana na boti upande wa pili. Mtu akiwaambia anapitisha familia pale, rudini nyumbani.

Nawashauri wenye wazazi wa umri wangu: ulizeni kwanza mnaingiaje mtoni na mnatokaje. Maji hayakunisumbua. Ile njia ya kupanda kutoka bondeni ndiyo iliyonikalisha chini mara kwa mara, na mwanangu wa kike alibeba mzigo wangu na wake. Halafu nendeni kati ya Agosti na Desemba, maji yakiwa yamepungua. Yakijaa, sehemu kubwa ya juu wanaifunga.

Chausiku wa Bukoba
Shikamoo mzee. Huyo binti Mungu amzidishie.

Mkamba wa Mto
Nilikuwa napita tu lakini hapo kwa maji kujaa nimekwama, wacha niseme.

Sisi tulishuka Athi, sehemu ya Ukambani, likizo ya Desemba. Familia mbili, yetu na ya rafiki ya bwanangu, waongozaji na mpishi wao. Siku ya kwanza raha tupu. Maji ya wastani, daraja la pili na la tatu kwa ukali, watoto wanarushiana maji, viboko tunawaona mbali na kiongozi anagonga ubavu wa boti kwa kafi ili wasikie tunakuja. Jioni tukapiga kambi kwenye mchanga. Kitu cha kwanza kiongozi alichofanya, kabla hata ya kushusha sufuria, alichomeka kijiti pale maji yanapoishia. Mtoto wangu mkubwa, ako na miaka kumi na mitatu, akamuuliza ni cha nini. Akaambiwa, "Hiki ndicho askari wetu wa usiku."

Mbingu ilikuwa safi, nyota zimejaa. Hakuna mtu alikuwa anafikiria mvua. Lakini Athi inabeba maji ya Nairobi na ya milima ya huko juu. Mvua inanyesha kule watu wakiwa jam, na mto unaifikisha kwako baadaye, ukiwa umelala.

Niliamshwa na harufu. Matope, na uozo wa mtaro wa mjini, katikati ya pori. Kisha nikasikia chupa za plastiki zinagongana. Nikawasha tochi nje ya hema na maji yalikuwa mita chache kutoka mguuni, povu la kahawia, chupa, magunia, matawi, vyote vinapita kwa kasi bila kelele kubwa. Kijiti hakikuwepo. Wakati huo huo kiongozi akapuliza filimbi na kuita, "Watoto juu! Wacha vitu! Watoto juu!"

Kila mtu alinyakua mtoto aliyekuwa karibu, wako au si wako. Tulipanda ukingo kwa mikono na magoti, miba inachana. Huko juu kiongozi akaanza kuhesabu kwa kugusa kichwa cha kila mtoto. Akahesabu. Akarudia. Mmoja hayuko. Ni wangu, yule wa miaka kumi na mitatu.

Wenye watoto mnajua. Sikulia. Nilianza kushuka, na bwanangu akanishika kiuno nikamng'ata mkono, alama anayo mpaka leo. Kiongozi akasema, "Mama Kyalo, ukishuka nitakuwa natafuta wawili," akashuka yeye na kamba.

Akampata kwenye boti. Kijana alikuwa ameamka mapema kuliko sisi wote, alisikia boti zinakwaruza mawe, akatoka kuangalia. Mpishi alikuwa tayari huko, ameshika kamba ya boti la kwanza na maji yamemfika kiunoni. Kijana akashika ya pili, akaizungusha kwa mti wa mgunga na kukaa chini, mgongo kwa mti, miguu kwa mzizi. Ngozi ya viganja ilikuwa imetoka. Zile boti zingeenda, chakula, redio na maji ya kunywa vingeenda nazo, na sisi tuko katikati ya mahali hakuna barabara.

Asubuhi mawe yote tuliyoyaona jana hayakuonekana. Baba wa ile familia nyingine akasema twende, amelipia safari nzima. Kiongozi alimwambia kwa upole, "Mzee, leo mto si wetu." Walibishana mpaka chai ikapoa. Hatukuenda. Tulikaa hapo juu mpaka maji yakashuka.

Dogo Sumu
Mama, pole lakini hii ni chai. Mtoto wa miaka 13 ashike boti la mpira kwenye mafuriko? Tuwekee picha.

Mkamba wa Mto
Picha ya nini, usiku, nikimtafuta mtoto? Una watoto wewe?

Kapteni Sagana
Dogo Sumu, nimefanya kazi ya kuongoza boti Tana pale Sagana kabla sijahamia mambo mengine. Hakuna chai hapo. Ukizungusha kamba kwa mti, mti ndiyo unabeba uzito, wewe unazuia tu isiteleze. Mtoto anaweza. Kile asichoweza hata mwanaume mzima ni kushika kamba kwa mikono mitupu bila mti. Na hiyo ya kijiti ni ya kweli, kambi isiyo na kijiti mimi silali.

Mkazi wa Malindi
Kumbe ndiyo maana. Athi hiyo hiyo ikikutana na mto Tsavo inaitwa Galana, ikifika huku ni Sabaki, na Desemba bahari yetu inageuka rangi ya matofali. Poleni sana dada. Huyo kijana mpeni mkono wangu.

Dogo Sumu
Sawa, nimeelewa Kapteni. Mama naomba radhi. Nauliza kwa nia njema, kwa hiyo mtoto mdogo si bora afungwe kamba kwenye boti kabisa asianguke?

Kapteni Sagana
HAPANA. Usimfunge mtoto kwenye boti, usijifunge mwenyewe, usizungushe kamba mkononi. Boti likipinduka, aliyefungwa anabaki chini yake. Mtoto aachwe huru, jaketi na helmeti vikae sawa. Na mumfundishe nyumbani kabla ya safari: ukianguka lala chali, miguu juu na mbele kuelekea mto unakokwenda, usijaribu kusimama hata kama maji yanakufika magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakulaza kifudifudi. Mfanyishe mazoezi kitandani, atacheka, lakini siku ya siku mwili utakumbuka.

Chausiku wa Bukoba
Wangu wanaifanyia kwenye sofa tangu niliposoma hapa. Sofa imeumia.

Mtu wa Phoenix
Niko Marekani, Arizona. Tulishuka Colorado ndani ya Grand Canyon na wanangu wakiwa vijana, kutoka Lees Ferry. Watu wanaogopa Lava Falls, na kweli inatisha, lakini mimi kilichonishangaza ni baridi ya maji. Nje jua la nyuzi zaidi ya 40, mtoni maji yanatoka kilindini mwa bwawa la Glen Canyon, ukiingia pumzi inakatika. Kwa hiyo mtoto anaweza kuungua na jua na kutetemeka kwa baridi kwa wakati mmoja. Vaeni mikono mirefu.

La pili, choo. Kule hauachi kitu chochote. Haja ndogo unaifanya mtoni, haja kubwa kwenye sanduku la chuma linalofungwa na kubebwa botini mpaka mwisho wa safari. Mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikataa siku ya kwanza yote. Kesho yake walimtafutia sehemu nyuma ya jabali inayotazama mto, akatoka anasema choo hicho kina mandhari kuliko nyumba yake. Ulizeni choo mapema, hasa mkiwa na wazee na mabinti. Kampuni nyingi za kwetu hazisemi mpaka mfike.

Mama Pacha
Hili la choo nilikuwa naona aibu kuliuliza. Asante.

Fundi Redio
Na kichocho je? Maana Nile na Ziwa Victoria vinajulikana.

Msoga Halisi
Kwenye maji ya kasi kichocho hakipo.

Nesi Mstaafu
Msoga, mwanangu, usiwapumbaze watu. Konokono wa kichocho hukaa pembeni, kwenye maji yaliyotulia na majani, na hapo ndipo mnapopigia kambi, mnapooga na kuosha vyombo. Fanyeni hivi: mkirudi nyumbani msikimbilie dawa siku ile ile. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, michanga inaiponyoka. Ngojeni wiki sita hadi nane, mkapime, mwambieni daktari mlikuwa mto gani. Mtoto akikojoa damu au akipata homa na kujikuna kabla ya hapo, nendeni mara moja.

Dogo Sumu
Sasa viatu tuvae nini? Huku wanasema ndala, huku raba.

Kapteni Sagana
Sandali za mikanda inayofunga kisigino. Ndala zitaelea mpaka bwawa la Masinga huko chini.

Mzee wa Reli
Mimi nasema raba kuukuu na soksi. Mawe ya Batoka hayana adabu.

Mkamba wa Mto
Watoto wangu walivaa akala na hazikutoka, hata usiku ule. Mama Pacha, ukirudi mtoni na hao pacha nenda msimu wa kiangazi, na kiongozi akifika kambini umuulize kijiti kiko wapi. Akikuuliza kijiti gani, pakia vitu.