Wazazi mnaouguza watoto wenye ugonjwa mkubwa wa akili, mnaishije? Tupeane uzoefu

Mzee Kobe: Wakuu, salaam. Leo nimekutana na kijana aliyesoma na mwanangu, anamaliza chuo. Nimeshindwa kuendelea na mazungumzo. Wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ana miaka 19, yuko chumbani na mapazia yamefungwa. Habari za dawa daktari ananieleza. Nisichoelezwa ni mzazi anaishije. Mnalala? Mnacheka?

Bundi: Kulala ndo nini?

Mama Wawili: Pole baba. Wa kwangu ni binti, ana bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Akipanda, hakamatiki. Kuna usiku alitoa vitu vyote vya chumbani akavipanga uani kwa rangi, huku anaimba, mimi nimemshikia tochi maana kumzuia ni vita. Akishuka anageukia ukuta, hasemi, haogi. Watu humhurumia akishuka. Mimi naogopa akipanda.

Kisiki: Mtanisamehe, ila mengine ni malezi. Mama akidekeza sana, mtoto anavurugikiwa.

Nesi Mstaafu: Kisiki, hiyo ilishazikwa. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika habari za mama anayemsababishia mwanawe skizofrenia, na kina mama wakabebeshwa lawama hiyo kwa miaka mingi. Utafiti uliofuata haukuithibitisha. Urithi una nafasi kubwa, na bangi inaongeza hatari. Mara nyingi ugonjwa unaanza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini, umri uleule mtoto anapojitenga na wazazi, ndiyo maana nyumba nzima inadhani ni jeuri.

Kisiki: Sijasema wote.

Mama Wawili: Umesema.

Kisiki: Haya, yaishe.

Tunu: Nilikuwa napita tu, ila hilo la kina mama limenichoma. Mwanangu alianza kwa kunitazama mikono. Nikifua, macho yake mikononi. Kisha akaacha kuniita mama, nikawa "wewe". Usiku mmoja nashtuka taa imewashwa, kasimama mlangoni analia, ananiambia kwa adabu kabisa, "Dada, naomba unirudishie mama yangu. Sitamwambia mtu." Dada! Nikamwonyesha kovu la kidoleni analolijua tangu mdogo. Akasema, "Hata kovu mmeliiga."

Nikatoka nje natetemeka, nikampigia kaka yangu aje na gari. Kisha sijui nini kilinituma, nikapiga simu ya mwanangu mwenyewe. Akapokea. Nikasema, "Baba, ni mama." Akapiga yowe: "Mama! Uko wapi? Humu ndani kuna mtu kavaa sura yako!" Tukaongea hivyo, mimi nimechuchumaa chini ya dirisha, yeye ndani. Nikamwambia avae viatu, mjomba anakuja kumpeleka hospitali, na yule mwanamke amwache amsindikize, namfahamu. Akakubali! Garini alikaa mbali nami kabisa, kashika simu mkononi asije akanikosa nikipiga.

Bundi: Leo ndo silali rasmi.

Mzee Kobe: Kwa simu alikutambua kweli?

Tunu: Kwa neno la kwanza.

Nesi Mstaafu: Hutokea. Mfaransa Joseph Capgras na mwenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1923. Sura anaiona sawasawa, ila ile hisia ya kwamba huyu ni wangu haiji, basi akili inajitungia kuwa huyu ni bandia. Kwa wengine sauti inaponyoka mtego huo. Si kwa wote, msije mkaanza kuwapigia simu watoto mko chumba kimoja.

Mzee Kobe: Na akikataa dawa kwa kuwa anasema haumwi?

Mzazi Mchovu: Mwekee kwenye chakula, mambo yaishe.

Nesi Mstaafu: Usithubutu! Mtoto anayeamini anawekewa sumu, siku akikuta chembe moja kwenye sahani umempa ushahidi. Chakula hatakula tena, na wewe hatakuamini.

Mzazi Mchovu: Wewe zamu yako ilikuwa inaisha unarudi kwako. Yangu haiishi.

Nesi Mstaafu: Hapo sina jibu. Ila kutojua kwamba anaumwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si ubishi. Muulizeni daktari kuhusu sindano za muda mrefu, zipo za kila wiki mbili na za kila mwezi. Vita vya kila asubuhi vinapungua.

Tunu: Wangu yuko kwenye ya mwezi.

Kulwa: Mimi si mzazi, ni mdogo wa mgonjwa. Mnaulizana mnalalaje, tuulizeni na sisi. Nilikuwa wa kwanza darasani, nikaitundika ripoti ukutani, ikakaa mpaka ikapauka. Siwalaumu. Ila mtoto asiyeumwa naye ana macho.

Bundi: Kulwa umeniua. Naenda kumwamsha wangu.

Kisiki: Saa tisa usiku? Mwache mtoto alale!

Mama Wawili: Kwa wenye bipola wanaotumia lithiamu: msiwape ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari, inaweza kuipandisha dawa kwenye damu. Akiharisha au kutapika sana, daktari ajue siku hiyohiyo. Vidonge vyote nafungia mimi. Na akishuka namuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo, simwachi peke yake na tunakwenda hospitali muda huohuo.

Mzazi Mchovu: Mimi akisema anasikia sauti namwambia hakuna sauti. Amkeni kwenye ukweli.

Tunu: Anazisikia kweli, mkuu. Mwambie wewe huzisikii, kisha muulize zinamtisha vipi.

Kisiki: Dada Tunu, siku hizi anakuitaje?

Tunu: Mama. Akitaka hela, mama mzazi.

Mzee Kobe: Hiyo sindano anachomwa wapi? Wangu ataniuliza hilo kwanza.

Tunu: Wangu takoni. Wengine begani, inategemea dawa.

Mzee Kobe: Nitaanza kwa kumtajia bega.