Sensa moja ya mlango kwa alamu na taa janja: inawezekana?

MlangoWaNyuma
Wakuu, salaam. Kuta zimesimama, plasta bado. Nataka alamu yenye sensa 6 za milango, 4 za mwendo na king'ora cha nje, halafu taa na mapazia vijiendeshe. Sensa moja ya mlango inaweza kuhudumia mifumo yote miwili? Na nipitishe kebo gani kabla ukuta haujafungwa?

Sakiti
Umeuliza wakati wake hasa, mkuu. Usiunganishe sensa moja kwenye paneli mbili (paneli ndiyo ubongo wa mfumo). Kila paneli hupeleka volti zake kwenye sakiti na kupima ukinzani. Zikikutana mbili, vipimo vinavurugika. Utapata alamu za uongo au, mbaya zaidi, mlango umefunguliwa na paneli inaona umefungwa. Sensa iende kwenye alamu peke yake, kisha alamu iupe taarifa mfumo wa taa kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au moduli ya mtandao. Mfumo wa taa ukigoma, alamu bado inalia.

Kila sensa iwe na kebo yake mpaka kwenye kabati la paneli. Ukirukisha kutoka sensa hadi sensa, siku ya hitilafu utafumua nyumba nzima. Mlango unatumia nyaya 2, lakini vuta kebo ya nyaya 4. Sensa ya mwendo inataka 6: mbili za umeme, mbili za alamu, mbili za kugundua kifuniko kikifunguliwa. Unene wa 0.22 mm² unatosha kwa hizo.

King'ora ni habari nyingine. Umbali wa mita 30 ni mita 60 za shaba kwenda na kurudi; kwa waya huo wa 0.22 ukinzani ni kama omu 4.7. Kikila ampea 1, volti 4.7 kati ya 12 zinapotelea njiani na kitalia kinyonge. Tumia 1 mm², upotevu utashuka hadi volti 1 hivi. Na iwe shaba halisi, si alumini iliyopakwa shaba.

Omu47
Naunga mkono. Niongeze la rizista za mwisho wa laini (vipande vidogo vya ukinzani vinavyoisaidia paneli kujua waya umechezewa): zikae ndani ya sensa. Mafundi wengi huzifunga kwenye kabati kwa sababu ni rahisi, na hapo mtu akigusanisha nyaya njiani paneli inaona kila kitu ni shwari. Thamani yake fuata kitabu cha paneli yako.

Upande wa taa, peleka nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye kila boksi la swichi na uchague maboksi ya kina kirefu. Swichi janja nyingi haziwaki bila nyutro. Nyaya za alamu zikae sentimita 30 kutoka kwenye za umeme mkubwa, na zikipishana zikatane kwa nyuzi 90. Andika namba ncha zote mbili, upige picha kabla ya plasta.

MlangoWaNyuma
Shukrani sana. Umeme ukikatika je?

Sakiti
Betri ya volti 12, 7 Ah (ampea-saa). Mfumo ukila ampea 0.25, kimahesabu ni saa 28. Panga saa 20, maana betri huchoka. Rauta haimo humo, itafutie UPS (betri ya akiba) yake, la sivyo simu yako haitapata taarifa. King'ora cha nje chukua chenye betri ndani, ili waya ukikatwa kilie chenyewe.