Kamba asiye na magando: je, vinasaba vimemaliza ubishi?

Mwanafunzi wa Uzamili:
Ndugu wanajukwaa, naomba msaada kuhusu Procaris ascensionis, kamba wa vidimbwi vya maji chumvi katika miamba ya volkano ya kisiwa cha Ascension, aliyeelezwa na Chace na Manning mwaka 1972. Jozi zake zote tano za miguu ya kutembelea hazina magando, ilhali Caridea, kundi kubwa la kamba, huwa nayo katika moja au mbili za kwanza, na Penaeus tunaowavua Rufiji katika tatu. Vitabu vya zamani vinamweka ndani ya Caridea, vipya vinampa infraoda yake, yaani ngazi ya uainishaji iliyo chini ya oda. Je, vinasaba vimeamua?

Mkongwe wa Maabara:
Vimeamua nusu, ndugu yangu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliounganisha jeni za mitokondria (vinu vya nishati vya seli) na za kiini cha seli, ulionyesha kwamba Procaris na jamaa zake ni tawi pacha la Caridea, yaani wana babu mmoja, lakini walijitenga kabla Caridea wenyewe hawajaanza kugawanyika. Maumbile hayapingi jambo hilo, kwa kuwa matamvua yake ni bapa kama majani, kama ya Caridea, wala hayana matawi mengi kama ya Penaeus. Nusu iliyobaki si ya maabara: mti wa nasaba unaonyesha nani ni ndugu wa nani, ila kuliita tawi hilo infraoda au familia kuu ni makubaliano ya wataalamu. Mimi naunga mkono infraoda.

Mchambuzi wa Jeni:
Naongeza tahadhari moja. Usitegemee jeni moja ya mitokondria, kwa sababu nakala zake mfu huweza kuhamia kwenye kiini, nawe ukazisoma ukidhani ni jeni hai. Ukikuta alama za kukoma, yaani zinazosimamisha utengenezaji wa protini, katikati ya mfuatano wa jeni inayotengeneza protini, shuku mara moja. Vilevile kwenye mti wa nasaba tawi refu, yaani ukoo ambao jeni zake zimebadilika sana, likiwa peke yake huvutwa kimakosa kuelekea matawi mengine marefu, hivyo tafuta pia spishi za Procaris za Bermuda na Hawaii badala ya kurundika Penaeus, ambao kwa swali hili ni wageni tu, yaani kundi la nje la kulinganishia.

Mwanafunzi wa Uzamili:
Ahsanteni sana. Basi kukosa magando ni hali ya kale, au waliyapoteza?

Mkongwe wa Maabara:
Stenopodidea, kundi jingine la kamba ambao nao si Caridea, wanayo katika jozi tatu, kwa hiyo naona uwezekano mkubwa ni kwamba waliyapoteza.