Mjadala: Boti za starehe zifungiwe Masinga maji yakishuka?

Kipimo: Masinga, bwawa la Mto Tana nchini Kenya, ikijaa hufika mita 1056.5 juu ya usawa wa bahari. Ikishuka, visiki vilivyozama vinakaribia juu, na boti za kutembeza wageni zinapita palepale. Zifungiwe?

Mtu wa Gridi: Hilo ni bwawa la kuzalisha stima, si la kuogelea. Ndilo la kwanza kujengwa pale Tana. Wageni waende Mombasa.

Tana68: La kwanza wapi? Kindaruma ni 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Masinga ni 1981! Na mitambo yake ni megawati 40 tu. Gitaru ina 225. Masinga ni tangi, linaweka maji ya masika ili mabwawa ya chini yapate ya kiangazi. Boti itakunywa megawati ngapi?

Mtu wa Gridi: Umekariri miaka, swali umeliruka. Boti zinachafua.

Tana68: Kinacholimaliza ni tope la mashamba ya milimani, linaletwa na Tana na Thika. Kemea majembe kwanza.

Nanga: Nyinyi wawili mtatumalizia ukurasa. Maji yakiwa chini, fuata mkondo wa zamani wa mto, ndiko kuna kina. Mwendo wa pole, mtu mmoja omo, mbele ya boti, akiangalia. Propela ikigonga kisiki, pini yake hukatika ili gia ipone. Beba pini mbili za akiba na koleo. Wanaochomeka msumari badala ya pini wanajivunjia gia. Kile kijito cha maji ya kupoza kinachoruka nyuma ya injini kikikoma, zima, tope limeziba. Na jaketi za kuokoa maisha zivaliwe, si kukaliwa.

Mtu wa Gridi: Jaketi ni ya wasiojua kuogelea.

Kipimo: Weee! Ukigonga kichwa kwenye ubavu wa boti utaogelea umezimia?

Nanga: Hata kuvaa si kutupia tu. Funga vifungo vyote, kisha mwenzako aivute juu mabegani. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa, utachomoka ndani ya maji. Mtoto apate yenye kamba ya kupita katikati ya miguu.

Tana68: Na mamba haulizi cheti cha kuogelea.

Mtu wa Gridi: Mamba wameingiaje kwenye mjadala wa stima?

Tana68: Walikuwamo Tana kabla ya ukuta, mzee. Wewe ndiye umeingia juzi.