Naomba ushauri: pembe ya molekuli juu ya dhahabu kwa infraredi

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nina tabaka lenye unene wa molekuli moja la oktadekanithioli (mnyororo wa kaboni 18 wenye salfa mwishoni, inayoshika dhahabu) juu ya utando wa dhahabu: niliuloweka katika myeyusho wa milimoli 1 kwa lita ya ethanoli, saa 24, kisha kusuuza na kukausha kwa naitrojeni. Napima kwa infraredi yenye polaraizesheni ya p (uga wake wa umeme uko katika bapa la mwale unaoanguka na unaoakisiwa), ikianguka digrii 80 kutoka mstari wima, maana juu ya metali huonekana tu mtetemo wenye sehemu iliyosimama wima juu ya uso.

Tatizo ni vilele vya CH₂ (vipande vinavyounda mnyororo) kwenye spektra. Viko 2924 na 2853 cm⁻¹, wakati minyororo iliyonyooka hutoa 2918 na 2850. Dhahabu tupu ya kulinganishia hunasa mafuta ya hewani na kuleta vilele hasi palepale. Nimeisafisha kwa ozoni na urujuanimno, afadhali kiasi, lakini vilele havijasogea. Thioli yenye deuteri (hidrojeni nzito, ambayo vilele vyake huangukia mahali pengine) ingefaa zaidi kama rejea, ila sijaipata.

Naomba kujua: kwa minyororo iliyopinda hivi, kuna maana kukokotoa mwinamo wa minyororo kutoka mstari wima (unaotarajiwa karibu digrii 30)? Na kidonge cha potasiamu bromidi (chumvi ya kuchanganyia sampuli ya kulinganishia, ambamo molekuli zimeelekea kila upande) kinaloa kwa unyevu wa pwani hata nikikausha unga kwa 110 °C. Nitumie nini badala yake kupata ukali wa vilele vya molekuli zisizo na mpangilio?